Barua Moja, Seva Mbili

Chumba mnachokiita chumba cha seva kilikuwa choo cha wageni. Nawaambia mapema, kabla hamjasikia kwa wengine wakaongeza chumvi. Siku niliyoanza kazi kwa wakala wetu wa forodha, hapa Tunduma, bomba lilikuwa bado linavuja humo ndani na hakuna aliyejua kwamba siku moja tungeweka mashine ya maana karibu na maji. Hakuna aliyejua hata seva ni kitu gani. Mimi nilijua kidogo kuliko wote, kwa sababu niliajiriwa kubeba karatasi.

Sasa nimestaafu, na nyie vijana mliobaki mmeniomba niandike niliyoyaona. Nilimaliza darasa la saba Isongole, kule Ileje, nikalima, nikauza maharage kwa watu wa ng'ambo ya mto, kisha nikaja mjini kutafuta kazi yenye kivuli. Habari za mshahara nitaziruka, maana mnaujua. Habari za vyeo pia, kwa kuwa cheo kilibadilika mara kadhaa lakini kiti nilichokalia kilibaki kilekile, na mguu wake mmoja mfupi.

Aliyenipokea siku ya kwanza ni Mama Tumaini, mkuu wa nyaraka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenyeji wa Ruanda kule Mbozi, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani hata malori yakiwa yananguruma. Alinipa bahasha nipeleke mpakani. Nikaikunja nitie mfukoni.

"Wewe mtoto wa Ileje!" akapaza. "Hiyo usiikunje. Ukitaka kukunja kitu, jikunje mwenyewe."

Wenzake wakacheka. Mimi nikanyoosha bahasha nikaibeba mbele ya kifua kama mtu anayepeleka sadaka, nikatembea hivyo katikati ya foleni ya malori, na madereva nao wakacheka. Niliporudi alikuwa ameniwekea chai.

Ndiye aliyenifundisha kusoma nyaraka. Alisema nisianze juu, nianze chini, kwenye mhuri na sahihi, kwa sababu juu kila mtu anaandika vizuri. Nimefanya hivyo mpaka leo, hata kwenye barua za harusi. Alinifundisha pia kwamba mzigo una mwenyewe, na mwenyewe hayupo pale. Yuko Kasama au Ndola au Lubumbashi, amelala hajui kama lori lake limesimama kwa sababu ya karatasi iliyobaki juu ya meza ya mtu. "Karatasi ikilala, mzigo umelala," alikuwa anasema, kisha anasimama na kwenda kuipeleka mwenyewe.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo mgeni analichukulia kuwa dogo. Mtu mzima aliyezaa hatumwiti jina lake. Ukimwita jina lake wanageuka kukutazama kama umemvua kofia. Wanyiha hivyo, Wanamwanga hivyo, sisi Wandali hivyo, na ng'ambo Wabemba nao hivyohivyo: kwao yeye alikuwa Bana Tumaini, yaani mama yake Tumaini. Mimi mwenyewe nilifanya naye kazi miaka mingi kabla ya kujua kwamba anaitwa Esther. Nililiona jina hilo kwenye fomu ya likizo nikadhani fomu imechanganywa.

Kutoka kubeba karatasi nilihamia kwenye faksi, kwa sababu moja tu: karatasi ilikuwa inakwama ndani na mimi sikuogopa kuifungua. Kutoka faksi nikahamia kwenye kompyuta kwa njia ileile. Fundi kutoka Mbeya alikuja kuiweka, akaona ninamtazama mikono, akaniambia sogea. Kila aliporudi alinifundisha kitu kimoja na kuniachia kingine cha kujaribu. Mwisho tukapata seva yetu ya barua pepe, choo kikazibwa bomba, kikapigwa rangi, na mimi nikapewa ufunguo. Nilijivuna. Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba barua za nchi tatu zinapita mikononi mwangu. Akaniuliza kama ndiyo sababu sipendi kuosha vyombo.

Wateja wetu walikuwa hawaandiki kwa idara. Walimwandikia mtu. Na mtu wao alikuwa Mama Tumaini, kwa hiyo anwani zilikuja kila namna: mamatumaini, banatumaini, mama.tumaini, tumaini peke yake. Seva ikirudisha barua, mteja hasahihishi, anapanda basi kuja kugomba. Basi mazoea yetu yakawa haya: nikiona jina limerudishwa, naliongeza kwenye seva, barua yake nayo iingie kwenye sanduku la Mama Tumaini. Sikuandika popote kwamba nimefanya hivyo. Ilikuwa kazi ya kila siku, kama kufagia.

Kisha Mama Tumaini akafariki. Aliugua muda mfupi, tukamzika kwao Ruanda, mvua zikiwa bado hazijaanza na vumbi likiwa jekundu juu ya viatu vya kila mtu. Nilibeba jeneza upande wa kushoto. Zaidi ya hapo sina la kuandika kuhusu siku ile.

Makao makuu Dar es Salaam walituma tangazo la msiba kwa wateja wote. Liliandikwa vizuri, na jina kamili kama lilivyo kwenye mafaili: Bi. Esther, kisha jina la baba na la ukoo. Majibu yakaja, ya heshima, mafupi. Poleni sana kwa kumpoteza mfanyakazi mwenzenu. Siku iliyofuata barua za kazi zikaendelea kuja kwa Mama Tumaini kama kawaida. Wenzangu wa nyaraka wakawa wanazifungua na kujibu kwa jina la idara. Nilidhani wateja wameshikilia anwani kwa mazoea. Sote tulidhani hivyo.

Sasa nifike kwenye kazi ninayojivunia kuliko zote.

Miezi michache baada ya msiba, makao makuu waliamua kwamba seva yetu imezeeka na kwamba barua zote zihamie kwenye seva mpya iliyoko Dar. Habari ile sikuipenda. Tuliwahi kuhama mara moja huko nyuma, kutoka mashine moja hadi nyingine, kwa mtindo wa kuzima hii na kuwasha ile na kumwachia Mungu. Barua zikapotea. Mteja mmoja mwenye malori ya mafuta akangoja majibu, hakuyapata, akahamia kwa wakala wa jirani na hakurudi. Mpakani mteja hakuachi kwa hasira. Anakuacha kimyakimya, unakuja kuyaona malori yake nje ya ofisi ya mwenzako.

Walimtuma Injinia Jackline. Nilitegemea mtu wa kuja na maneno makubwa. Alikuja na begi moja na koti zito, kwa sababu mtu alimwambia Tunduma kuna baridi, na huyo mtu alisema kweli.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mama. Umekuja kutuhamisha?"

"Hatuhami kwanza," akasema. "Tutaishi nyumba mbili kwa muda."

Akanichorea kwenye ubao. Barua zetu kabla ya kufika Tunduma zinapita kwenye mashine moja ya mlangoni, tuliyokodi kwa watu wa intaneti, inayochuja barua taka. Pale mlangoni, akasema, tutaiagiza ifanye jambo jipya: kila barua inayoingia iende Tunduma kama siku zote, na nakala yake iende kwenye seva mpya Dar. Wafanyakazi waendelee kusoma za Tunduma bila kujua lolote. Sisi wawili tutakaa tunatazama seva mpya inavyozipokea barua za kweli, za watu wa kweli, pamoja na viambatanisho vyao vilivyopigwa picha gizani. Tukiona kwa muda wa kutosha kwamba kila kilichofika huku kimefika na kule, ndipo tuhame.

Nikamwuliza: seva ya pili ikigoma je? Akasema ndilo swali lenyewe. Mlango usimngoje wa pili. Wa kwanza apate barua yake mara moja, wa pili akichelewa shauri yake, foleni yake iwe peke yake. Nyie mtakaofanya kazi hii, hilo likaririni. Nakala ikiweza kuchelewesha barua ya asili, mmewafunga wateja mguu kwa ajili ya majaribio yenu.

La pili tulijifunza kwa aibu. Seva mpya ilikuwa imenakili mipangilio ya wafanyakazi wote, pamoja na ya meneja wetu wa hapa aliyekuwa likizo na ameweka jibu linalojituma lenyewe. Asubuhi ya kwanza simu ikalia. Mteja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mtu wa utani sana.

"Mzee, bosi wenu ameenda likizo mara mbili?"

"Mara mbili vipi?"

"Nimemwandikia barua moja, amenijibu kwamba hayupo. Kabla sijamaliza kusoma akanijibu tena kwamba hayupo. Nimeamini, mwambieni aache kusisitiza."

Jackline alifunika uso kwa mikono, akacheka mpaka akatoa machozi, kisha akakaa chini akaifunga seva mpya mdomo. Isijibu kitu, isirudishe kitu, isimwarifu mtu yeyote. Iwe na masikio tu. Nimefahamu wageni wachache wenye adabu kama ya seva ile baada ya hapo.

Tukaingia kwenye kazi ya kulinganisha. Kila asubuhi yeye anafungua seva ya Dar, mimi ya Tunduma, tunasoma kwa zamu kama watu wanaochambua mchele. Imefika? Imefika. Na hii? Imefika, lakini kiambatanisho kimekatwa. Anarekebisha, tunaendelea. Alikuwa anajua mambo mengi nisiyoyajua na hakunificha hata moja, na nilichokijua mimi alikiuliza bila kuona haya. Nimefanya kazi na mafundi wengi. Yule ndiye niliyetamani ningempata nikiwa kijana.

Kulikuwa na rundo moja ambalo halikulingana. Barua zenye majina ambayo seva mpya haiyajui. Jackline alikuwa amesajili wafanyakazi kwa majina ya kwenye mafaili, kama ilivyo sahihi, na jina lisilosajiliwa seva mpya ilikuwa inalitupa.

"Mzee, huyu mamatumaini ni nani? Anaongoza. Hapa yupo, hapa yupo, hapa ameandikwa bana. Kwenye orodha ya wafanyakazi simwoni."

Niliweka kalamu chini.

"Alikuwa mkuu wa nyaraka," nikasema. "Amefariki."

Akaacha kuandika. "Pole, Mzee. Sikujua." Kisha, taratibu: "Makao makuu wana utaratibu. Sanduku la marehemu linafungwa."

"Najua. Lakini wateja hawaandiki kwa mtu mwingine."

"Kwa hiyo tufanye nini?"

Nilimwomba mambo mawili. La kwanza, kwa muda huu wa seva mbili, jina lisilojulikana lisitupwe. Liwekwe kwenye kapu moja, mimi nitachambua. Akaniambia kapu hilo litajaa matangazo ya dawa za kurefusha nywele na bahati nasibu za nchi ambazo hazipo. Nikamwambia nimeshika mizigo mibaya zaidi. Akakubali. La pili, nipige simu Dar mwenyewe. Sikutaka kuingiza jina la Mama Tumaini kwenye seva yao kwa kificho. Kitu kikiwekwa kwa kificho, atakayekuja baada yako atakifuta kwa nia njema.

Meneja wa Dar alinisikiliza. Ni mtu wa haki, ila ana haraka.

"Mzee wangu, marehemu hapokei barua."

"Ni kweli, bosi. Ila anaandikiwa."

"Na wateja walitangaziwa."

"Walitangaziwa."

Akavuta pumzi. "Kapu libaki mpaka siku ya kuhama. Siku hiyo hayo majina yote yafungwe. Wateja wakirudishiwa barua watajifunza anwani ya idara. Tumeelewana?"

Tulielewana. Niliposhusha simu nilijua wangejifunza kwa njia gani: kama yule wa malori ya mafuta.

Kwenye rundo lile kulikuwa na mteja mmoja niliyemjua kwa sauti ya maandishi yake. Tulimwita Bana Chanda. Alikuwa mjane wa Kasama, mnunuzi wa vitunguu vya Mbozi. Hakuwa tajiri. Mtaji wake wote aliupakia kwenye lori moja, lori likifika na kuuzwa ndipo anarudi kununua tena. Mpaka alivuka mara chache. Mambo yake yote alimwachia Mama Tumaini, tangu alipokuwa anapitisha magunia mawili juu ya baiskeli. Barua zake zilikuwa za Kiswahili cha mpakani, zinaanza kwa salamu ya Kibemba na kumaliza kwa habari za watoto.

Wiki ile lori lake lilikuwa limefika na kusimama kwenye foleni, likingoja kibali cha kuingiza mazao Zambia, kinachotolewa upande wa kule. Mvua zilikuwa zimeanza. Dereva wake alikuwa anaingia ofisini kila baada ya muda kututania kwa uchungu.

"Jamani, vitunguu vimeanza kuota. Mkichelewa kidogo nitavuna tena hapahapa lami."

"Turubai lako vipi?" nikamwuliza.

"Turubai ni kama sketi ya mtumba, Mzee. Ukivuta huku, kule kunabaki wazi."

Siku kibali kilipokuja, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Seva na kompyuta moja zilikuwa zinaenda kwa betri za akiba, printa hapana. Wenzangu wa nyaraka walikiona kibali kwenye kioo, wakasema umeme ukirudi tu tunakichapa. Umeme haukurudi. Ilirudi mvua, na radi zile za kwetu zinazopiga mpaka vikombe vinagongana. Nilifanya nilivyofanya siku zote wingu likijiinua upande wa Momba: nilichomoa nyaya za umeme. Radi haikupita huko. Ilipita kwenye waya wa mtandao unaoshuka kutoka kwenye mlingoti, ikaingia choo cha wageni kwa kishindo na harufu ya plastiki.

Nilipofungua mlango, seva ilikuwa kimya. Nimeshika mashine nyingi zilizokufa na najua tofauti ya iliyozimika na iliyokwisha. Diski ilikuwa imeungua. Nakala ya akiba tuliyotunza ilikuwa ya mwisho wa wiki iliyopita. Barua zote zilizokuja tangu hapo, pamoja na kibali cha Bana Chanda, zilikuwa moshi.

Dereva alikuwa amesimama nyuma yangu, maji yanamtiririka.

"Mzee, usiniambie."

"Mpigie mama mwenye mzigo, atume tena."

"Nimempigia tangu asubuhi. Alikituma alfajiri kisha akaenda vijijini huko kutafuta wanunuzi, hakuna mtandao. Kesho kutwa ndiyo labda." Akatazama nje kwenye mvua. "Kesho kutwa hivyo vitakuwa supu."

Jackline alikuwa ameshafungua kompyuta yake mapajani, amewasha intaneti ya simu yake, anangoja. Intaneti ya simu siku ya mvua Tunduma inatembea kama mtu mwenye kiatu kipya. Tulisimama wote nyuma yake, wenzangu wa nyaraka, dereva na mimi.

Seva mpya ikafunguka. Barua zote za wafanyakazi zilikuwepo, nzima, mpaka ile iliyoingia muda mfupi kabla ya radi. Akazipitisha haraka. Kibali hakikuwemo.

"Kapu," nikasema.

Akafungua kapu. Nywele ndefu, bahati nasibu, nywele ndefu, mtu anayejiita mtoto wa mfalme. Halafu: banatumaini.

"Mwapoleni mukwai Bana Tumaini," Jackline akasoma kwa sauti, kwa lafudhi ya Dar iliyomchekesha dereva hata katika hali ile. "Kibali hiki hapa. Nimekihangaikia sana. Wewe ukishakishika nalala usingizi. Chanda amefaulu, anakusalimu."

Kiambatanisho kilikuwepo. Nikakisoma kuanzia chini. Mhuri, sahihi, jina, aina ya zao, namba ya lori. Vyote sawa. Tulikichapa kwenye steshenari ya ng'ambo ya barabara, yenye jenereta, na sikumpa mtu mwingine akipeleke. Nilikiweka ndani ya faili ya plastiki nikatembea nacho kwenye mvua hadi mpakani, mimi mwenyewe, na miaka yangu hii. Siku iliyofuata lori lilivuka. Dereva alipiga honi mbele ya ofisi mpaka askari akamkemea.

Wateja wengine tuliokuwa na barua zao siku ile hawakujua kabisa kwamba seva iliungua. Walijibiwa kama kawaida. Nawaambieni vijana, hiyo ndiyo sifa ya kazi yetu: ikifanyika vizuri hakuna anayeiona, na mimi sijawahi kujisikia mrefu kama wiki ile ambayo hakuna aliyeniona.

Baada ya siku chache Bana Chanda alivuka mpaka mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kumwona. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani, na mkononi ana kitenge kipya kilichofungwa kwa kamba.

"Mwapoleni mukwai," akasalimu, akipiga magoti kidogo. "Nimekuja kumshukuru mama. Vitunguu vimeuzwa vyote. Bana Tumaini yuko wapi?"

Ofisi nzima ikainamia meza. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa.

"Mama, keti," nikamwambia.

"Nimekaa sana kwenye basi. Yuko wapi?"

"Mama, Mama Tumaini alifariki. Tangu kabla ya mvua."

Alinitazama kama mtu anayengoja nimalizie utani.

"Alinijibu wiki iliyopita. Lori limevuka."

"Ilijibu idara. Yeye tulishamzika kwao Ruanda. Mlitumiwa tangazo, mama."

"Tangazo gani? Nilipata tangazo la mtu anaitwa Esther. Nikawajibu poleni." Akageuka kuwatazama wote. "Esther ndiye nani?"

Nilimwona akielewa, na mimi nikaelewa pamoja naye, nikiwa nimesimama pale: watu wa ng'ambo yote, wote waliomjua na kumpenda, walikuwa wametupa pole kwa ajili ya mtu wasiyemjua, kisha wakaendelea kumsalimu Mama Tumaini na kumpa habari za watoto.

Bana Chanda alivua viatu. Akaketi chini, sakafuni, akanyoosha miguu kama wanawake wanavyokaa msibani, akaweka kile kitenge mapajani na kuanza kulia kwa sauti, kwa Kibemba, akimwita kwa jina la mtoto wake. Wenzangu wa nyaraka wakaacha meza zao wakaketi naye. Wanawake wa ofisi za jirani waliosikia waliingia, wakavua viatu mlangoni, nao wakaketi. Jackline naye akashuka kwenye kiti, na hakuwahi kumwona Mama Tumaini hata siku moja. Mimi nilitoka nje, nikasimama upande wa ukuta malori yanapopita. Pale ndipo nilipoyafanya niliyoshindwa kuyafanya Ruanda.

Alasiri Jackline alinisogelea.

"Mzee, liandike tangazo upya. Kwa jina lao."

Nikampigia kwanza meneja wa Dar, nikamweleza yote. Akasema andika. Niliandika mimi, maneno machache, si ya ofisini: Mama Tumaini, Bana Tumaini, wa nyaraka pale Tunduma, amefariki, tumemzika kwao, samahanini kwa kuwachelewesha. Tukalituma kwa seva mpya, ambayo sasa ilikuwa peke yake na imefunguliwa mdomo.

Majibu hayakuja kwa idara. Watu walifanya walivyozoea: walimwandikia yeye. Kasama, Ndola, Lubumbashi, Mpika, wengine wamestaafu biashara zamani. Walisimulia. Mmoja alimkumbuka akimgombeza kwa kukunja karatasi, nikajua hatukuwa peke yetu, bahasha yangu na mimi. Nilichapa barua zao nikampelekea Tumaini mwenyewe, bintiye, na yeye akazisoma zote mbele yangu bila kuruka.

Siku ya kufunga majina ilifika. Meneja wa Dar akapiga.

"Yale majina ya kwenye kapu, Mzee."

"Ndiyo, bosi. Tufunge?"

"Yaingizwe kwenye sanduku la idara. Yabaki."

Jackline aliyasajili moja baada ya jingine, mimi nikimsomea. Tukiwa tumekaribia mwisho, barua ikaingia kapuni kutoka kwa dereva mmoja mzee wa Kapiri Mposhi, anatoa pole, na anwani ya Mama Tumaini ameiandika kwa namna ambayo hatujawahi kuiona, herufi zimepishana, hata mimi ilibidi niitazame mara mbili. Jackline hakuniuliza ni nani. Aliiongeza.